Mfu wa Saa Kumi na Punda Wake

Naapa kwa meno yangu yote, yaliyoota yenyewe na yaliyotengenezwa, kwamba haya ninayosimulia ni kweli tupu, haijatiwa maji wala chumvi. Asiyeamini na aje mjini kwetu Copper Notch wiki ya sikukuu ya punda, anikalishe kitako aniulize. Akinikuta na uongo hata wa ukubwa wa chawa, sheria ya mji naijua: mwongo huingia ndani ya birika la kunyweshea farasi mbele ya hoteli, nguo mwilini na kofia kichwani, akakaa humo mpaka apatikane wa kumzidi. Mimi birika hilo nalijua kwa kuliangalia tu.

Basi, Wendell Stroud alikuwa mfu. Sisemi mfu wa kaburini, nasema mfu wa kazi. Kiangazi kizima, kila siku saa kumi jioni, majambazi wanne walikuwa wakiivamia benki ya Copper Notch, ambayo siku hizi ni duka la aiskrimu, wakatoka mbio na magunia yaliyojazwa magazeti. Sherifu anawasimamisha katikati ya barabara, wanamiminiana risasi za baruti tupu, wageni wanaziba masikio, majambazi watatu wanatoroka, na wa nne anakufa. Huyo wa nne ndiye Wendell.

Na kufa alikujua. Risasi ilimpata mbele ya kinyozi, akayumba mpaka duka la kofia, akamwomba mama yake radhi, akamsamehe sherifu, akausia farasi wake apewe nani, ndipo akaanguka. Watu wakianza kupiga makofi, huyo anainuka tena kwa kiwiko, amekumbuka neno. Nimeona madereva wa malori, watu wenye shingo kama magogo, wakilia aiskrimu ikiwachuruzika mikononi.

Akishatulia kabisa, punda wake Prudence, aliyefungwa pale birikani mchana kutwa ili watoto wapige naye picha, alifunguliwa kamba. Alikwenda taratibu mpaka kwa maiti ya bwana wake, akainamisha kichwa, akamnusa kifua. Hapo hata wale waliokuwa hawajalia walilia. Walidhani anaomboleza, kumbe anapekua. Wendell alikuwa na peremende mfuko wa kushoto, na miaka nenda miaka rudi Prudence alikuwa amejifunza jambo moja hapa duniani: zikilia bunduki, mahali fulani yuko mfu mwenye peremende. Ukimpa peremende hiyo hiyo ukiwa umesimama, anakuangalia kama umemtukana. Kwake yeye, kitu kizuri hutoka kwa maiti tu.

Kiangazi kimoja kilipoanza, Peg Haldorsen, mama anayesimamia michezo yote ya mji, alimwita Wendell kwenye mkahawa asubuhi.

"Kaa, Wendell."

"Nikikaa sitainuka upesi. Sema tu."

"Basi hilo ndilo lenyewe," akasema Peg. "Juzi umekufa mpaka basi la wale wazee wa Nebraska likaondoka. Mpaka leo hawajui kama ulikufa au ulipona."

"Wakitaka kujua si warudi?"

"Na ukishakufa, tunahitaji watu wawili kukuinua. Jana mmoja wao nusura avunjike mgongo."

"Peg, mfu gani uliyemwona anainuka mwenyewe? Maiti zote huinuliwa na watu. Ndiyo desturi."

Watu kwenye meza za jirani walikuwa wameacha kutafuna ili wasikie vizuri. Peg akavua miwani, akaipangusa, akasema neno lake akiitazama miwani badala ya kumtazama Wendell: kuanzia Jumamosi, siku ya mbio za punda, siku mji unapojaa hadi watu wanalala kwenye magari yao, kufa atakufa Trent.

Trent Kowalczyk alikuwa daktari wa meno kutoka Chicago. Alistaafu, akahamia kwetu majira ya kuchipua, na buti zake zilikuwa bado zikilia kwi kwi kwa upya. Mtu mwema, hana baya. Lakini Copper Notch hukuhesabu kuwa mgeni mpaka theluji ya miaka kadhaa ikuangukie, sasa mtu wa jana hivyo umpe kifo cha mji?

"Ana nini huyo nisichokuwa nacho?" Wendell akauliza.

"Magoti," akasema Peg.

Wendell alikwenda nyumbani kwa miguu, akipita nyuma ya maduka ili asikutane na mtu. Mkewe, Lavonne, alikuwa jikoni akikanda unga wa pai, maana wiki ya sikukuu alioka pai za cheri mpaka paka wa mtaa mzima walinuka cheri. Akamtazama mara moja tu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Ndiyo taabu yenyewe. Wamenikataza."

Akaeleza yote. Lavonne aliendelea kukanda, ila sasa alikuwa anaupiga ule unga kama una deni naye.

"Kuhusu kurefusha, mume wangu," akasema mwishowe, "Peg hajakusingizia. Yule farasi unayemuusia kila siku hata huna."

"Watu wanapenda wosia."

"Wanapenda. Lakini wanapenda na kwenda chooni."

Wendell akatazama buti zake. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo Lavonne hakuwa ameizoea, "Kiwandani nilifunga nati miaka yote ile, Vonnie, hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Saa kumi ndiyo saa yangu. Wakiichukua hiyo, itabaki saa tisa na saa kumi na moja, na mimi katikati sina pa kukaa."

Lavonne akaacha unga. "Basi usikae," akasema. "Nenda kapigane."

Ndivyo Wendell alivyorudi mkahawani jioni ile ile, mbele za watu, akamwambia Peg: nikishinda mbio za punda Jumamosi, kifo kinabaki changu. Mkahawa mzima ukacheka hadi vijiko vikacheza kwenye vikombe. Peg naye alicheka, akapangusa machozi.

"Ukishinda wewe? Na Prudence?"

"Mimi na Prudence."

"Wendell, ukishinda mbio zile na punda yule, utakufa barabara hii mpaka siku tutakayokuzika kweli. Na hata siku hiyo tutakupa mpaka saa kumi."

Watu hawakucheka bure. Mbio zenyewe ni za tangu enzi za wachimba dhahabu, na sheria zake kila mtoto wa Copper Notch anazijua kabla hajajua kuhesabu. Punda abebe sogi mgongoni, yaani matandiko ya mizigo, na ndani ya sogi sururu, koleo na karai la kuchekechea dhahabu. Mtu akimbie kando akiwa ameshika kamba. Kumsukuma punda ruhusa, kumvuta ruhusa, kumbeba ruhusa ukiweza, ila kumpanda marufuku. Na mwisho wa mbio, kwenye mstari wa unga mbele ya hoteli, mtu hahesabiwi. Kinachohesabiwa ni pua ya punda.

Prudence alikuwa ameshiriki mara nyingi na hakuwahi kuumaliza mzunguko. Mwaka mmoja aliingia kwenye harusi, akala shada la bibi harusi hadi utepe. Mwaka mwingine alipatikana maktaba, na wanaojua wanasema alikuwa kwenye rafu za upishi.

Jumamosi ikapambazuka, mbingu buluu tupu. Mji wetu uko juu sana milimani, mawingu yakitaka kupita hubisha hodi kwanza, na siku ile hakuna hata moja lililobisha. Bendi ilikuwa imepangwa kwenye roshani ya hoteli, tarumbeta zinang'aa, harufu ya nyama ya kuchoma na pai za Lavonne imetanda barabara nzima. Kwenye mstari wa kuanzia walisimama vijana wenye mapaja kama ya paa, na mbele yao wote Marisol Trujillo, binti wa bonde la pili, aliyekuwa ameshinda miaka miwili mfululizo na punda wake Dakota. Marisol alimsogelea Wendell kwa heshima.

"Mzee wangu, magoti yanasemaje?"

"Yanasema nikae nyumbani. Sijawahi kuyasikiliza."

"Basi tukikutana njiani nitakupa maji."

"Tukikutana njiani, binti yangu, jua umepotea."

Bastola ikalia, vumbi likapanda, na lilipotulia Wendell na Prudence walikuwa peke yao. Prudence alikuwa ameusikia mlio akageuka kutafuta maiti. Alipokosa, akakubali kwenda, kwa mwendo wa mama anayepeleka kuku sokoni. Wendell alimsukuma, alimbembeleza, alimwimbia. Walipanda mlima ule wakitazama migongo ya wenzao ikipotea, kisha vumbi lao likapotea, kisha kukawa na ndege tu.

"Haya, bibi," Wendell akamwambia punda. "Angalau tumetoka nyumbani."

Alikuwa amekwisha kukata tamaa alipofika kwenye daraja la mto, na pale akawakuta wote. Wote kabisa, punda na watu, wamejaa ng'ambo ya huku kama msiba.

Lazima niseme hapa kwamba kosa lile lisingefanywa na watu wengine duniani ila watu wa Copper Notch. Kamati ya sikukuu, wazawa wote, wanaokaa na punda tangu kuzaliwa, ilikuwa imepaka daraja rangi mpya ili lipendeze kwenye picha za wageni: mistari myeupe na myekundu, ukingo hadi ukingo. Na kila mtoto wetu anajua kwamba punda, akiona mstari mweupe chini, anaona shimo. Walijua wote, na walipaka wote. Sasa punda walikuwa wamekita miguu, masikio nyuma, na vijana wenye mapaja ya paa walikuwa wanasukuma matako ya punda na kulia.

Marisol alikuwa amekaa chini anampa Dakota maji kwa kofia. "Mzee wangu," akasema, "nadhani nimepotea."

Lakini Prudence alikuwa mnyama wa mjini. Kwa miaka yote ile alisimama karibu na mistari ya kuvukia barabara, watoto wakimdandia mkia. Akaitazama ile mistari, akapiga chafya, akavuka daraja kama bibi harusi juu ya jamvi. Wengine, kuona mwenzao hajamezwa na shimo, wakamfuata. Kwa muda mfupi mtamu kuliko asali, Wendell Stroud aliongoza mbio za punda za Copper Notch. Kisha wakampita tena mmoja mmoja, Marisol wa kwanza, akimtupia busu.

Kukwama kule darajani kulikuwa kumekula mchana mzima. Mjini, Peg alitazama saa, akatazama mabasi ya wageni yanayowasha injini, akatazama mlimani ambako hakuna punda anayeonekana. Uvamizi wa benki haujawahi kuchelewa tangu uanzishwe.

"Ivamieni," akasema.

Majambazi wakaingia benki. Na ndipo, kwenye kona ya juu ya barabara, punda wakatokea.

Dakota alikuwa mbele, amebakiza hatua chache sana kuufikia mstari wa unga, sherifu alipofyatua. Bunduki zote zikajibu. Punda wa mbio wale, watoto wa malisho na kimya, hawakuwa wamewahi kusikia kitu kama kile. Dakota akakita miguu minne kama meza. Wa nyuma yake akageuka akaingia duka la kofia. Mwingine akalala chini kabisa. Kulikuwa na fujo ya kutosha hata mzee mmoja wa mji huu, ambaye jina lake sitalitaja kwa heshima ya umri wake, alidhani punda wanamjia yeye, akakimbilia ndani ya choo cha plastiki cha wageni na kujifungia, kitasa kikakatika.

Juu kabisa, wa mwisho kama kawaida, Prudence alisikia. Masikio yake yakasimama kama mishumaa. Zinalia bunduki. Mahali fulani yuko mfu.

Wendell hakumbuki kukimbia. Anakumbuka kamba, na buti zake zikigusa ardhi hapa na pale, kwa adabu tu. Walimpita aliyelala, wakampita wa duka la kofia, wakafika pale alipokuwa ameanguka Trent Kowalczyk, amekufa vizuri kwa kifupi, mikono kifuani, hatua tatu kabla ya mstari. Prudence akafunga breki. Akainamisha kichwa, akaanza kazi.

Alipekua mfuko wa kushoto, hakuna kitu. Akapekua wa kulia. Akambandua masharubu ya bandia, akayatafuna, akayatema. Sasa Trent, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kila jambo, hakuwa amemwambia mtu kwamba ana mtekenyo wa ubavuni. Mabega ya maiti yakaanza kutikisika. Kisha maiti ikacheka, kwa sauti, ikarusha miguu ile yenye buti mpya, ikimwomba punda amwonee huruma. Barabara nzima ikapasuka kwa kicheko. Bendi ikashindwa kupuliza.

Wendell peke yake hakucheka. Alikuwa anavuta kamba kwa nguvu zote, na Prudence hakuwa na habari naye: bado kuna mifuko ya suruali. Na kwa pembeni ya jicho aliona Dakota akiinua ukwato mmoja. Marisol alikuwa anamnong'oneza sikioni. Ukwato wa pili ukafuata.

"Prudence, mama, tazama," akasema Wendell, akatoa peremende, akamwonyesha. Prudence akamtazama jinsi alivyosimama, akaona aibu kwa niaba yake, akarudi kwenye suruali ya Trent.

Wendell akaelewa. Akakimbia hadi mwisho wa kamba, akauvuka mstari wa unga, akageuka, akashika kifua. Akayumba upande wa kushoto. Akayumba upande wa kulia. Akanyoosha mkono mbinguni, akafumbua kinywa: "Mama, mwanao..."

"Wendell!" Sauti ya Lavonne ilitoka kwenye meza ya pai, na nadhani waliisikia mpaka Nebraska. "Kufa haraka, mume wangu!"

Akaanguka. Bila wosia na bila kiwiko. Alianguka kama gunia la viazi lililotupwa kutoka kwenye lori, peremende kiganjani, akanyamaza kimya ambacho hajawahi kunyamaza maishani mwake. Na barabara nayo ikanyamaza, kwa sababu kwa nukta moja ile kila mtu, hata Peg, hata Lavonne, aliamini.

Prudence akainua kichwa. Huyu wa karibu anacheka. Yule pale amekufa sawasawa. Akamruka Trent, akanyoosha shingo, na pua yake ikauvuka mstari wa unga, nyeupe ncha nzima, wakati pua ya Dakota ingali inaupumulia unga ule ule bila kuuvuka, upande wa pili wa barabara.

Kelele iliyofuata iliwafanya tai wa milimani wahame. Marisol ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia Wendell, na walihitajika watu wawili kumwinua, yeye na Trent, aliyekuwa bado anajipangusa machozi ya kicheko.

"Chukua kifo chako, kaka," akasema Trent. "Mimi sina ubavu wa kazi hii."

Peg alikuja akiwa amevua miwani tena, lakini safari hii alimtazama usoni.

"Kile kirefu sikitaki," akasema. "Hiki kifupi, hiki cha leo, ni chako mpaka tukuzike."

"Na wosia wa farasi?"

"Jumapili tu."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Trent sasa ni daktari wa meno wa mchezo, anawang'oa majambazi jino la mbao kwa koleo kabla hawajavamia, na wageni wanampenda kupita kiasi. Daraja limepakwa rangi ya udongo. Na mimi niliyaona yote kwa macho yangu mawili, nikiwa nimesimama kwenye roshani ya hoteli, mahali pazuri kuliko pote.

Nilikuwa nimefika hapo hapo jana, nikiwasimulia wageni wa basi la Kansas kwenye baraza, wameacha vijiko hewani, nilipohisi mtu nyuma yangu ananuka cheri.

"Roshani ipi?" akauliza Lavonne.

"Ile pale, shemeji. Ya hoteli."

"Ile iliyokuwa na bendi? Iliyojaa hadi mpiga ngoma akakalia ukingo?"

"Nilijibana kidogo."

"Ulijibana, hilo sikatai." Akaweka sinia la pai mezani, akawageukia wageni. "Mwulizeni nani alifungua kile choo cha plastiki kwa kisu cha pai jua linazama. Na mwulizeni ndani alikuwemo nani, ameshikilia kofia yake kifuani, anauliza kama punda wameshaondoka."

Wageni wa Kansas wakanitazama. Wendell, aliyekuwa anajiandaa kwenda kufa, aliinamia buti zake, mabega yanamtikisika.

Basi nikashuka barazani, nikaingia birikani, nguo mwilini na kofia kichwani. Maji yale hutoka moja kwa moja kwenye theluji, hilo nalo ni kweli, mnaweza kumuuliza Lavonne. Watoto wakapiga picha. Saa kumi bunduki zikalia, Wendell akafa kwa kifupi, kizuri ajabu, na Prudence akafunguliwa. Njiani akasimama birikani kwangu, akaninusa mfuko wa kushoto. Akanitazama jinsi nilivyokaa wima, ninatetemeka, ninapumua. Akaona sijafikia kiwango, akaenda zake kwa maiti.